Kupungua kwa Mara ya Pili

Kosa langu la mwanzo lilikuwa dogo, na nililifanya siku ileile niliyoanza: niliinuka kwenye sinia kabla ya wenzangu. Nilimega matonge machache, nikanawa mikono, nikasema nimeshiba, nikarudi kwenye mota niliyokuwa naisuka. Yeyote aliyekulia Usukumani anajua kwamba wanaume wakila pamoja, anayeinuka wa kwanza husindikizwa na macho. Nami nilijua, maana nimekulia Shinyanga, sikuwa mgeni wa mambo hayo. Lakini kichwani nilikuwa na mpango mpya wa kupunguza mwili, nimeuandaa kwa wiki nzima, na nilitaka uanze bila doa. Nikadhani wachimbaji waliotoka shimoni wana njaa mno, hawatajali kama fundi mmoja mnene ameacha ugali.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kabula huko Kharumwa. Ndiye aliyetupikia mwaka wote ninaotaka kuusimulia, na msibani kwake nilikutana na Masanja, niliyelala naye chumba kimoja enzi hizo na ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Ndevu zake zimeanza mvi. Tulikaa chini ya turubai, tukaletewa wali na nyama, na nikaona kwamba kabla hajagusa chakula chake alitazama kwanza sahani yangu. Tulipokwisha kuulizana habari za watoto, akasogeza kiti. "Fundi, mama ndiyo huyo ametangulia. Sasa niambie ukweli. Mwaka ule ulikuwa umepewa masharti na mganga wa wapi?" Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalisubiri jibu. Nikamwambia kama nilivyomwambia zamani, kwamba ilikuwa presha tu. Akasema haya, fundi, kwa sauti ile mtu anayoitumia kumkubalia mtoto. Nimerudi nyumbani nikiwa na sauti ile masikioni, na ndiyo imenifanya niandike.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Kila nilichokijua nilikuwa nimejifundisha mwenyewe. Kusuka mota nilijifunza kwa kufungua zilizoungua na kuzihesabu nyaya zake moja moja, na nikikosea mzunguko mmoja nilikuwa nabomoa kazi yote na kuanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni. Kupunguza uzito nilijifunza kwa simu, nikiwa bado Shinyanga mjini, na mwili wangu niliufanyia vilevile kama mota. Niliacha sukari, nikaacha mafuta, nikaacha wanga karibu wote. Nikipitiwa nikala nusu chapati, siku ile niliihesabu kuwa imeungua. Nilipungua haraka, shingo ikatoka, mashavu yakaingia ndani, nami nikawa najitazama kwenye vioo vya maduka nikiona mtu aliyefaulu. Wenzangu waliona kitu kingine. Mama mwenye nyumba, ambaye siku zote alinipa chai kwenye kikombe chochote kilichokuwa karibu, akaanza kunipa kimoja tu, cha kijani, na nikichelewa kukirudisha alikuja kukidai. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono baada ya ibada, akaniuliza kwa upole kama nimeshaanza dawa. Nikadhani anazungumzia dawa za kupunguza mwili. Nikamjibu kwa kujivuna kwamba sitaki dawa, nafanya kwa nguvu zangu mwenyewe. Yule mzee alifumba macho. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba nimekanyaga waya, yaani nina ukimwi, na sasa pia nakataa matibabu.

Sitasema niliacha kwa sababu yao. Niliacha kwa sababu ya sahani moja ya chipsi mayai niliyokula kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Nilipoimaliza niliona nimeharibu kila kitu, na kwa kuwa nimeharibu, nikaendelea kuharibu. Ndani ya mwaka mmoja kilo zote zilikuwa zimerudi na kuleta wenzao. Watu walifurahi. Walinipigapiga mgongoni sokoni, wakasema sasa nimekuwa mtu. Mama mwenye nyumba akarudi kunipa kikombe chochote. Furaha yao ndiyo iliyonifundisha kuwashuku watu, kwa sababu nilijiuliza kama walionipenda hivi sasa ndio walewale waliokwisha kunizika vichwani mwao, na jibu lilikuwa ndiyo.

Hivyo nilipopata kazi kwenye mwalo wa Mzee Shija, nje kidogo ya Katoro, nilienda nikiwa mnene na nikiwa na tahadhari. Mwalo ni mahali ambapo mawe ya dhahabu yakiletwa kutoka shimoni yanasagwa kwenye karasha na kuoshwa, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mota za karasha na pampu haziungui. Mzee Shija alikuwa na karasha mbili na duara moja, yaani shimo lake la kuchimbia. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Tulimwamkia shikamoo asubuhi, naye aliitika marahaba bila kugeuka, akisikiliza mlio wa karasha kama mwingine anavyosikiliza taarifa ya habari. Chumba nilichopewa kilikuwa cha mabati, vitanda viwili, kimoja changu na kimoja cha Masanja aliyekuwa anaendesha karasha. Kilinukia dizeli, sabuni ya mche na viatu vya mvua. Ukuta wake wa nyuma ndio uliokuwa unakinga upepo jiko la Mama Kabula, kwa hiyo ukijilaza jioni ulisikia kila kilichosemwa jikoni, na jikoni ndiko mwalo mzima ulikokuwa unapita kuomba moto wa sigara.

Miezi michache baada ya kufika nilianza kuumwa kichwa cha nyuma, nikaenda zahanati. Nesi alinifunga kile kitambaa mkononi mara mbili, akabadili mkono, akafunga tena. Akasema presha kama hii amezoea kuikuta kwa wazee. Nikipunguza mwili inaweza kushuka, nikichelewa nitakunywa vidonge kila siku ya maisha yangu, na nikipuuza kabisa nitaanguka siku moja nikiwa nimeshika waya wa umeme. Hilo la mwisho alilisema kama mzaha baada ya kusikia kazi yangu. Mimi sikucheka. Nilirudi mwalo nikitembea polepole, nikihisi damu yangu ikigonga masikioni, na njiani niliamua kuanza tena. Niliamua pia kwamba safari hii hakuna mtu atakayejua. Shinyanga nilipungua mbele ya macho ya watu wakanipa ugonjwa wao. Hapa ningepungua kwa siri, taratibu, na kwa usahihi.

Usahihi wenyewe ulikuwa hivi. Chai bila sukari. Ugali nusu ya nilioumega zamani. Baada ya jua kuzama, maji tu. Kabla ya mapambazuko, kuzunguka kwa miguu rundo kubwa la mchanga uliokwisha kuoshwa, nyuma ya mwalo, ambapo hakuna anayenipita. Na kila Jumamosi kujipima kwenye mashine ya kusaga pale barabarani, kwenye mizani ya magunia. Mizani ile sikuiamini, kwa sababu wakulima walilalamika kwamba gunia likipanda pale hupungua uzito. Kwa hiyo nilivuka barabara nikajipima tena kwa mnunuzi wa mpunga, ambaye naye sikumwamini, halafu nikachukua wastani wa mizani zote mbili. Ukinitazama kwa mbali, nilikuwa kijana mnene anayepanda kwenye mizani ya mahindi, anashuka, anavuka barabara, anapanda kwenye mizani ya mpunga, anashuka, anaondoka bila kununua wala kuuza. Wakati ule sikufikiria kwamba kuna mtu ananitazama kwa mbali.

Wiki za mwanzo uzito ulishuka. Kisha ukagoma. Wiki ya kwanza nililaumu mizani, ya pili nikailaumu tena, ya tatu nikaanza kuchunguza chakula. Nilikuwa nimemwomba Mama Kabula asiniwekee mafuta kwenye mboga, nikamdanganya kwamba tumbo linanisumbua. Alikuwa mama mpana, mwenye sauti ya chini, ambaye aliniita ng'wanawane, mwanangu, tangu siku ya kwanza, na neno hilo kwa Kisukuma lina namna ya kukufanya usiulize maswali. Alianza kunitengea bakuli langu peke yangu. Nilimshukuru. Nilikula nsansa, yale majani makavu ya kunde, nikasifu utamu wake, na ilichukua muda mrefu kabla ulimi wangu wa mtu mwenye njaa haujaniuliza kwa nini majani makavu yawe matamu kiasi hiki. Siku iliyofuata nilisimama nyuma ya tangi la maji nikachungulia. Nilimwona akipakua bakuli langu, akatazama huku na huku, akachota kijiko kikubwa cha karanga zilizotwangwa kutoka kwenye kopo lake, akakoroga. Akachota kingine.

Leo nikikumbuka naona mama akikoroga karanga. Siku ile niliona hujuma. Nilijiuliza nani kamtuma na kwa nini, na kama anaweka karanga, anaweka nini kingine nisichokijua. Sikumuuliza. Mtu mwenye siri hana ujasiri wa kuuliza siri ya mwenzake. Nikawa napokea bakuli, namshukuru, naenda nalo nyuma ya lile rundo la mchanga, na kulimwaga. Nachimba kidogo kwa mguu, namwaga, nafukia, narudi nimebeba bakuli tupu. Nilijiona mjanja sana.

Ilitokea kwamba majuma hayohayo mali, yaani dhahabu, ikakata kwenye duara la Mzee Shija. Mawe yalipanda juu mengi kama kawaida, yalisagwa, yalioshwa, na chini ya karai hapakubaki kitu cha kufaa. Mali kukata si jambo la ajabu, mwamba una tabia zake. Lakini watu wanaoshinda shimoni tangu asubuhi wanahitaji mwamba uwe na sababu. Jioni moja nilikuwa nimejilaza, nikasikia sauti ya Masanja upande wa pili wa bati, anazungumza na mchimbaji mmoja aliyekuja kuwasha sigara. Kwanza sikujua wanamzungumzia nani. Walisema chai hatii sukari. Jua likizama hali. Alfajiri anazunguka rundo, na anazunguka upande mmoja tu, hajawahi kugeuka. Chakula cha mama hali, anakwenda kukizika. Halafu yule mchimbaji akasema kwamba yeye mwenyewe kwa macho yake ameniona kwenye mizani ya mpunga, napimwa kama gunia, na kwamba shemeji yake wa Chato alimjua mtu aliyeambiwa na mganga apeleke kilo za mwili wake, na kilo zile alizopungua zikarudi kuwa dhahabu. Nilisikia kuni zikipasuka. "Hiyo yote sawa," Masanja akasema. "Lakini kafara? Mimi ndiye ninayelala naye. Unadhani ataanza na nani?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Jioni ileile Masanja aliingia chumbani, akanisalimia kwa heshima asiyokuwa nayo kabla, akavuta kitanda chake hadi karibu na mlango. Akasema kuna joto. Nilimtazama akilala na viatu, nami nikaogopa kuliko yeye, kwa sababu nilijua mtu anayeamini kwamba utamuua anaweza kuamua kukuwahi. Kwa siku kadhaa tulilala hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake.

Mzee Shija alituita siku ya Ijumaa, jua likiwa limetoka kuzama. Karasha zilikuwa zimezimwa, na ukimya wake ulikuwa mzito, maana mwalo ukikaa kimya unasikia hata nyayo za kuku. Wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka sinia, lakini hakuna aliyekuwa anakula. Nilipoamkia, niliitikiwa na mzee peke yake. Mbele ya nafasi waliyoniachia palikuwa na ugali mzima, bakuli la mboga linalong'aa mafuta, na kikombe kikubwa cha chai. Masanja alichukua kopo la sukari, akatia kijiko kwenye chai ile, akatia tena, na tena, akinitazama usoni kila mara kana kwamba ananipa nafasi ya kusema basi.

Mzee Shija alieleza bila ukali. Alisema hamtuhumu mtu. Alisema vijana wake wana maneno, na maneno yakikaa kwenye mwalo watu wanaumia. Kila mtu alijua kwamba aliyefungwa na masharti ya mganga hawezi kuyavunja akabaki salama. Atachanganyikiwa au ataanguka. "Kwa hiyo kula, fundi," akasema. "Ukila, umebaki na sisi. Usipokula, sitakuuliza kitu, utachukua vifaa vyako."

Nitakiri nilichokiwaza, ingawa kinanipa aibu. Sikuwaza kwanza kazi yangu. Niliwaza kwamba jua limezama, kwamba ile chai ina sukari ya wiki nzima, na kwamba nikila hapa nitakuwa nimeharibu, na najua kinachofuata nikiharibu. Nilijiona tena Shinyanga mbele ya ile sahani ya chipsi. Halafu nikawaza presha na nesi. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikawaza nini kimetiwa kwenye hiyo mboga. Nilikitazama chakula kile kama wao walivyokuwa wananitazama mimi, na muda ukapita, na kila sekunde iliyopita ilikuwa inathibitisha walichokuwa wanakisema. Masanja alijisogeza nyuma kidogo.

Mama Kabula alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. Pale kwetu mwanamke hakai kwenye sinia la wanaume, naye hakuomba ruhusa. Alichuchumaa kando yangu, akamega tonge kutoka upande wangu, akalichovya kwenye mboga yangu, akala. Akameza kabla ya kusema. "Anazika chakula kwa sababu mimi ndiye ninayemwekea karanga kwa siri. Nimemwona anavyomwaga. Kaka yake Kabula alianza hivihivi, kila nikimpakulia ananiambia mama nimeshiba, nikamwamini mpaka nikamzika. Huyu nilikataa kumwamini."

Na mimi, ambaye nilikuwa nimeandaa uongo wa kila aina, nikajikuta nasema ukweli, kwa sauti ndogo, nikiangalia ugali. Nilisema nina presha. Nilisema nesi kaniambia nipungue. Nilisema nilishawahi kupungua Shinyanga wakasema nimekanyaga waya, ndiyo maana hapa nikajificha. Mchimbaji mmoja akauliza presha ndiyo inasema mtu azunguke rundo alfajiri, na mwingine akamwambia anyamaze. Kisha nikala. Nilikula ugali wote, nikafuta bakuli kwa tonge la mwisho, nikanywa ile chai hadi chini ambako sukari ilikuwa imekaa kama tope. Ilikuwa tamu sana. Nilitamani isiwe tamu. Wanaume wote walibaki wamekaa wakisubiri nianguke, na mimi nilisubiri pamoja nao, kwa sababu moyo ulikuwa unanienda mbio na sikuwa na hakika. Hatimaye Mzee Shija alimega ugali wake. Wengine wakafuata.

Asubuhi yake ndiyo ninayoihesabu kuwa mwanzo wenyewe, zaidi ya siku ile niliyoinuka kwenye sinia. Niliamka tumbo likiwa zito na kichwani ile sauti ya zamani ikiniambia kwamba sasa imeshaharibika, lala, kuna chapati jikoni. Nilikaa kitandani nikiisikiliza. Nilijua kila neno litakalofuata, kama wimbo wa redio. Kisha nikavaa viatu nikatoka, bila ushujaa wowote, kwa sababu tu kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu cha kuficha wala rekodi safi ya kulinda. Nilipofika kwenye rundo la mchanga nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Masanja, ana fimbo, kaacha umbali wa mtu anayetaka nafasi ya kukimbia. Tulizunguka hivyo, mimi mbele yeye nyuma. Mzunguko wa pili akashindwa kuvumilia. Akauliza kwa nini siku zote nazunguka upande huu tu. Nikamwambia upande ule, ukitokea kule, unakutana uso kwa uso na mbwa wa mlinzi. Akafikiri. Akasema tugeuke aone. Tuligeuka, mbwa wakatoka, na fimbo yake ikapata kazi. Tulirudi mwalo tukihema, yeye akicheka mpaka akakohoa, na bado jioni ile kitanda chake kilibaki mlangoni.

Hakikurudi mahali pake mwaka ule wote. Mzee Shija alipohamia duara jingine na mali ikaanza kuonekana tena, wapo waliosema mganga wangu ameniondolea masharti. Mama Kabula aliacha karanga kwa ahadi kwamba nitakula mbele yake, akiniangalia, na alitimiza sehemu yake mara nyingi. Nilipungua polepole kuliko nilivyotaka. Nesi alinipima tena, akabadili mkono kama kawaida yake, akaniambia presha imeshuka lakini nisijidanganye.

Tangu wakati huo uzito umenirudia mara mbili, mara moja nilipooa na mara moja nilipovunjika mguu, na mara zote mbili nimeanza upya. Bado nashuku mizani za watu, na nikiambiwa nimependeza bado nauliza moyoni wanamaanisha nini. Kilichobadilika ni kwamba sianzi tena kwa siri: nawaambia ninaoishi nao kwamba napunguza mwili kwa sababu ya presha, nawaacha waseme watakachosema, na nikila nisichokusudia, kesho yake naendelea.